Mtoto Aliyetulia Mno

Fundi cherehani alikuwa na binti wa miaka minne. Wateja walimwita Kiroboto, kwa sababu hakukaa mahali pamoja. Leo amemwaga maji kwenye kitambaa cha mtu, kesho amekata mkono wa shati kwa mkasi. Fundi, mama yake, alikuwa peke yake na kazi zilimwelemea. Basi akamfunga mguu kwa utepe wa kitambaa. Ncha ya pili aliifunga kwenye meza ya kupigia pasi, kwa sababu ilikuwa nzito. Hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka.

Siku moja mama alitoka nje kumpokea mteja. Kiroboto alitaka kumfuata. Utepe ukamvuta, akayumba, akadaka waya wa pasi. Pasi ya moto ikamwangukia mkononi. Mtoto aliye huru angekimbia. Yeye alikuwa amefungwa.

Kidonda kilipona baada ya wiki sita, lakini vidole viwili havikunyooka tena. Mama aliutupa ule utepe. Hata hivyo, Kiroboto alikaa chini ya meza ileile kutwa nzima, bila kusema neno.

"Angalau siku hizi ametulia," fundi alimwambia jirani yake, mwalimu wa chekechea.

"Dada, huyo hajatulia. Ameogopa," mwalimu alisema. "Kukimbia na kugusagusa ndiyo kazi ya mtoto wa umri huu. Ondoa vitu vya hatari, usimfunge mtoto."

Kesho yake mwalimu alileta kitabu cha picha. Kilimhusu mtoto mtundu aliyempaka paka unga, kisha akapanda juu ya kabati.

Fundi aliguna. "Mwalimu, unataka kunimaliza? Si atajifunza utundu mwingine!"

"Utundu anaujua. Asichojua ni kama mtoto mtundu bado anapendwa."

"Na mimi kusoma kwenyewe ni kwa kubabaisha."

"Soma picha. Mpakate, mwonyeshe, muulize, halafu subiri. Usimhubirie. Dakika kumi tu kila siku."

Fundi alipandisha pasi kwenye rafu ya juu. Mkasi akaufungia kwenye droo. Kila mchana alisimamisha cherehani na kumpakata mwanawe.

"Haya, huyu anafanya nini?"

Kimya. Siku nane, kimya. Fundi alijiona anaongea na ukuta.

Siku ya tisa, Kiroboto aligusa picha ya mtoto aliyekuwa chini ya kitanda.

"Amefungwa?"

"Hapana, mwanangu. Amejificha tu."

"Mama yake atamfunga?"

Fundi alitamani kufunua ukurasa haraka. Hakufunua.

"Hatamfunga. Mimi ndiye niliyekufunga, na nilikosea sana. Nisamehe, mama. Sitakufunga tena."

Mtoto aliufunua ukurasa mwenyewe.

Wiki iliyofuata, fundi alikuwa akimpima mteja kiuno aliposikia kishindo. Kopo la vifungo lilikuwa limepinduliwa. Vifungo vilitapakaa hadi mlangoni, na Kiroboto alikuwa akirukaruka katikati yake, akicheka kwa sauti.

"Pole, dada," mteja alisema. "Mtoto amerudia mambo yake."

Fundi alipiga magoti kuokota vifungo, machozi yakimtiririka.

"Usinipe pole," alisema. "Nipe hongera."