Fisi wa Shimoni

"Mtoto akimaliza siku nne bila kwenda choo, utumbo hujifunga fundo."

Maneno hayo Kagwiria aliyasikia kwa wanawake mferejini, na tangu hapo yakamganda kama kupe. Alifagia uwanja nayo, akaketi darasani nayo. Na sasa ndugu yake Muthomi, wa miaka miwili na nusu, alikuwa amezimaliza siku nne.

Jumamosi hiyo, nyumbani kwao karibu na Mikinduri, Muthomi alishika mlango, akapishanisha miguu na kukunja uso. Uji aliusukuma kando. Mama alipomwelekeza chooni, alipiga yowe: "Fisi! Fisi!"

"Fisi gani tena?" Mama akashangaa.

Kagwiria aliinamisha kichwa.

Jirani yao, Mama Kaari, aliingia na kipande cha sabuni ya mche, amekichonga kikawa chembamba kama penseli. "Mlaze hapa, Mama Muthomi, tumtie hii nyuma, choo kitoke. Nimelea watoto saba kwa sabuni hii."

"Si itamwasha?" Mama aliuliza, lakini tayari mikono yake ilikuwa ikimvua mtoto kaptura. Muthomi akamtazama dada yake, machozi yakimlengalenga.

"Mama, ngoja! Ni mimi!" Kagwiria alilia. "Alitupa rula yangu chooni, halafu akawa anachungulia shimo. Nikamwambia mle ndani kuna fisi anayeuma makalio. Tangu siku hiyo anajibana."

Mama Kaari aliangua kicheko. "Fisi wa chooni! Hata mimi ningejibana."

Mama hakucheka. "Siku nne unamwona akiteseka, na umenyamaza?"

"Niliogopa utanichapa."

Mama alimrudishia jirani sabuni yake, akamfunga mtoto mgongoni, wakaenda zahanati wote watatu. Muuguzi, Sista Karwirwa, alimpapasa Muthomi tumbo. Akauliza kama ametapika, kama ana homa, kama ametoa damu. La.

Kagwiria akamuuliza kuhusu lile fundo la utumbo. "Utumbo haujifungi fundo kwa siku nne," muuguzi alisema. "Ila choo kikikaa ndani hukauka, kikitoka huuma, na mtoto akiumia huzidi kujibana. Anakula nini?"

"Maziwa, sista. Kutwa nzima maziwa."

Aliwapa dawa ya kulainisha choo, akawaonyesha kipimo chake. Akasema wampe maji, papai na maharagwe, na kila baada ya chakula wamkalishe kwenye poti, kile choo kidogo cha mtoto, nyayo zikigusa chini. Kisha akawatajia mambo ya kuepuka.

Njiani kurudi, Kagwiria alimnong'oneza mdogo wake, "Hakuna fisi. Nilikudanganya." Alipofika aliosha poti ya zamani, akaiweka kando ya sukumawiki, na kila mara akakaa naye pale akimwimbia.

Jumatatu asubuhi sauti yake ilisikika hadi kwa Mama Kaari: "Mama! Ametoa!"

Muthomi alisimama, akachungulia ndani ya poti kwa makini. "Fisi hayuko," akasema.

Mama alimvuta Kagwiria karibu. "Sabuni ile ingemuumiza, mwanangu. Lakini kunyamaza kwako kulikuwa kumemuumiza siku nne nzima. Kosa ukilisema likiwa bichi, huondoka upesi."

Jioni Kagwiria aliandika makatazo ya Sista Karwirwa kwenye karatasi, akayabandika ukutani jikoni. Katazo la mwisho aliliongeza mwenyewe:

Tusimtie sabuni wala dawa za miti.
Tusimpe dawa ya kuendesha bila kuuliza zahanati.
Tusimjaze maziwa hadi akatae chakula.
Tusimgombeze akichafua nguo.
Tusikae nyumbani akitapika, tumbo likivimba au akitoa damu.
Tusimtishe kwa fisi.