Mzunguko Mmoja Tu

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipofunga sketi za mwisho kwenye shuka, akajitwika, akatoka. Hakuwa na safari ndefu. Ukumbi wa mtaa ulikuwa nyuma ya bekari, na kila wiki watu walikusanyika pale kucheza ngoma za asili, mkubwa kwa mdogo, hata wale waliokuwa ndiyo kwanza wanajifunza kutembea. Sketi zilikuwa za wachezaji. Mama yake na binti yake walikuwa wameshatangulia, naye alipanga kurudi nao.

Mama yake alikuwa mtu wa kutazama tu. Goti lilikuwa limemfunga kwenye mkongojo miaka na miaka, kwa hiyo alikuwa akikaa kwenye benchi, akipiga makofi na kumkosoa kila aliyepita mbele yake. Wa kucheza alikuwa mjukuu. Majirani walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua likizo.

Fundi alipoikaribia bekari, aliisikia ngoma.

Akapunguza mwendo.

Haukuwa mkono wa mpigaji wao. Mkono wa mpigaji wao aliujua kama alivyoijua sauti ya cherehani yake. Huu ulikuwa mzito, hauna haraka... kama wa mtu anayebisha hodi akijua mlango utafunguliwa tu. Zeze na filimbi viliufuata kwa nyuma, kama watoto wanaokokotwa.

Na kulikuwa na harufu. Si ya mikate. Ilikuwa harufu ya ngozi mbichi, ngozi iliyochunwa leo.

Mpika mikate alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi, unga bado umemjaa mikononi.

"Mpigaji wetu anaumwa," akamnong'oneza. "Huyu kaja kumshikia nafasi."

"Nani kamleta?"

Mpika mikate akamtazama kwa mshangao. "Mimi nilidhani ni mgeni wako."

Fundi akaingia.

Wachezaji walikuwa wameshikana mikono, duara moja kubwa. Mzee, mtoto, mzee, mtoto. Kinyozi wa mtaa, aliyekuwa amepinda kama ndoano, sasa alikuwa wima, kifua mbele, ameshikana mkono na kitinda mimba wa mpika mikate. Mkongojo wa mama yake ulikuwa umelala peke yake kwenye benchi.

Mama yake alikuwa anacheza.

Anacheza! Kiuno kinaitika, miguu inaelea. Machozi yalimlenga fundi. Akatua mzigo wake, akataka kupiga kigelegele.

Kisha akamtazama Kasuku.

Kasuku alikuwa kimya. Mdomo wazi kidogo, miguu inaburuzika kama aliyebebeshwa gunia. Alipopita karibu, fundi aliuona mkono uliokuwa ndani ya mkono wa bibi yake. Vidole vilikuwa vimekunjamana. Mishipa imetoka. Na juu ya sikio, kwenye nywele alizomsuka mwenyewe asubuhi, palikuwa na weupe.

Akauvamia ule mkono, akauvuta. Haukubanduka.

"Mama, mwachie mtoto."

"Mzunguko mmoja tu, mwanangu." Sauti ilikuwa laini, ya mwanamke mbichi, sauti ileile iliyombembeleza yeye akiwa mchanga. "Goti haliumi... Hujui maumivu niliyokuwa nayo. Mmoja tu."

Fundi akamgeukia mpigaji. Alikuwa na uso wa kawaida kabisa, uso ambao ungeusahau ukiwa bado unautazama. Hakuinua macho. Alinong'ona tu, na katikati ya kishindo chote kile mnong'ono ule ulimfikia fundi sikioni.

"Duara halivunjwi na aliye nje."

Fundi akakimbia sambamba na mama yake, kinyumenyume, anajikwaa.

"Mama, nakuomba. Mtazame mjukuu wako. Utazame mkono wake."

Mama yake akainamisha macho. Akautazama mkono. Akaiona mikunjo, akaiona mishipa, na fundi akaona kwenye uso wa mama yake kwamba ameelewa.

Akaendelea kucheza.

Alizunguka ukumbi mzima, kutoka mlangoni hadi mlangoni tena, huku analia.

Ndipo akaachia.

Ngoma ikakatika. Wazee waliyumba kama walioamshwa usingizini. Mama yake alianguka chini kama nguo iliyodondoka kambani, na fundi akamdaka Kasuku. Mtu alipouliza mpigaji yuko wapi, pale alipokaa palikuwa na alama ya duara tu sakafuni, mbichi, inanuka. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na magunia ya unga tangu mchana.

Mpigaji wao alipopona aliapa kwamba hakumtuma mtu. Daktari alimpima Kasuku, asione kitu. Vidole vilirudi kuwa vya mtoto. Nywele nyeupe za juu ya sikio hazikurudi kuwa nyeusi, na asubuhi akiinuka anashika magoti kwanza.

Bibi hakusimama tena. Akawa wa kitandani, amegeukia ukuta. Mjukuu akimpelekea uji, hufumba macho mpaka atoke. Fundi hakumwambia mtu kuhusu ule mzunguko wa mwisho. Utaanzaje kumsema mama yako?

Ila kinyozi hakupinda tena. Anatembea mtaani kifua mbele, anacheka, anasalimia. Kitinda mimba wa mpika mikate analala mchana kutwa, na mtaani hakuna anayeuliza kwa nini.

Juzi, jioni, fundi akiwa anapindia suruali, hodi ikapigwa. Alikuwa kinyozi, amevaa shati safi.

"Binti yangu, ngoma ipo leo," akasema kwa upole. "Yule mpigaji mgeni karudi. Sisi wazee tumemwomba." Akachungulia ndani, juu ya bega la fundi. "Kasuku haji?"

Fundi akaubana mlango kwa mguu. Nyuma yake akasikia kitanda kinalia chumbani. Kikalia tena. Halafu viganja vikaanza kupapasa sakafu, taratibu...

Mama yake alikuwa anatafuta viatu.