Nilimlipiza Mjomba Kisasi, Barua Akapewa Mama

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu katika sekondari moja ya hapa Morogoro mjini. Naitwa Skolastika. Ni jina la mtu msomi, ingawa walimu wananijua zaidi kwa kupiga magoti nje ya darasa kwa sababu ya mdomo wangu. Mkitaka kunicheka, nichekeni sasa hivi... mbele huko hakuna cha kuchekesha.

Mama yangu alikuwa mtunza stoo ya vipuri katika kiwanda kimoja kikubwa ambacho sitakitaja. Aliingia pale kikiwa cha serikali, akaishika leja yake miaka na miaka kwa elimu ya darasa la saba. Kisha kiwanda kikauzwa. Mwekezaji akapaka geti rangi mpya, na kila baada ya muda orodha ya waliopunguzwa ikawa inabandikwa ubaoni. Soko huria, tukaambiwa. Mama akawa akifika kazini anasoma ubao kwanza, ndipo anafungua stoo.

Halafu zikaja kompyuta. Leja zikafungiwa kabatini na tangazo likatoka: mtunza stoo atakayeshindwa kuingiza na kutoa mizigo kwa kompyuta hana nafasi. Kompyuta zenyewe Kiingereza kitupu! Mama alikuwa anayanakili maneno ya kwenye skrini kwa kalamu kiganjani, herufi moja moja, ili akirudi nimsomee. Siku nyingine jasho limeshayafuta. Anabaki ameninyooshea mkono mtupu kama anaomba.

Na mkuu wa kompyuta pale kiwandani alikuwa nani? Mjomba Dionisi, mdogo wake mama, tumbo moja. Mama alipomwomba amfundishe, alijibu, "Dada, ni mazoea tu," akaenda zake.

Aliyetuokoa ni Elia, mpangaji wetu wa chumba cha uani, mwanafunzi wa chuo kule Mazimbu. Alikuwa na kompyuta kuukuu inayonguruma kama mashine ya kusaga. Siku moja alituambia kuna programu huria za stoo. Mama alikuwa anapeta mchele, ungo ukasimama.

"Huria tena? Si ndiyo hiyo iliyowaondoa wenzangu?"

"Hii huria nyingine, mama," Elia akasema. "Waliotengeneza wanakuruhusu uitumie, uifungue ndani, uirekebishe utakavyo. Wanachoomba ni kimoja. Usifute majina ya waliofanya kazi kabla yako."

Akanionyesha. Maneno yote ya kwenye skrini yalikaa kwenye faili moja, kushoto Kiingereza, kulia pengo. Unajaza Kiswahili chako, basi, programu nzima inasema Kiswahili.

Likizo yangu yote ikaishia pale. Mimi nilitoa maneno kwenye kamusi, mama akawa anayatupa. Nilipoandika "toleo la bidhaa" alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, nani stoo anasema hivyo? Andika Toa Mzigo." Yeye ndiye aliyesema "Imekaribia Kuisha". Yeye ndiye aliyesema "Hesabu Hailingani". Mwisho, juu kabisa ya faili, nikaandika: Imetafsiriwa na Skolastika na mama yake, mtunza stoo, Morogoro. Mama aliisoma mara mbili, kisha akaenda kuangalia maharage ambayo yalikuwa hayajaanza hata kuchemka.

Akanunua daftari, akachora kila ukurasa wa kompyuta na vitufe vyake, akawa anafanya mazoezi. Haikupita muda akawa anabonyeza kama mtu anayecheza bao.

Wakati huo huo makao makuu Dar walikuwa wameagiza kiwanda kiache kutumia programu za kunakiliwa kwa wizi. Za kununua zilikuwa ghali, na mjomba alikuwa anatafuta pa kutokea. Jumapili moja akaja kula kwetu, akamkuta mama kwenye kompyuta ya Elia anaingiza na kutoa fani-belti za kufikirika. Kijiko kikakwama mdomoni.

"Mpwa wangu," akaniambia kwa sauti ya asali, "nipe sidii yenye hiyo programu nikaitazame tu."

Nikampa. Ningemnyimaje? Mjomba huyo!

Aliitazama vizuri sana. Aliiweka kiwanda kizima, stoo zote, getini, mpaka ofisi ya manunuzi. Mama akafaulu jaribio lake, na wenzake wanne wa darasa la saba wakafaulu pia. Kisha wakaitwa wote kantini, mjomba akasimama mbele ya mwekezaji akaeleza jinsi alivyoumiza kichwa kutafsiri kila neno peke yake. Wakampigia makofi. Mama naye alipiga.

Elia ndiye aliyeomba nakala ya faili la kiwandani kwa kijana mmoja wa getini, akaniletea. Jina langu halikuwepo. La mama halikuwepo. Palikuwa na mstari mmoja tu: Imetafsiriwa na Dionisi, Mkuu wa Kompyuta.

Nilimfuata kwake. Hakuona hata haya. "Skola, sisi Waluguru mtoto ni wa nani? Wa upande wa mama. Na upande wa mama msemaji ni nani? Mimi. Kazi ya mpwa ni ya mjomba. Hata siku ya mahari yako nitakaa mbele mimi, si baba yako."

"Na kazi ya dada je, mjomba?"

Akaniambia nimezidi mdomo, nikasome.

Mama nilipomweleza alikuwa anajua tayari. "Mwache," akasema. "Jina halisongi ugali. Mimi kazi yangu ipo." Huo ndio ulikuwa mwisho wa maneno kwake. Kwangu ulikuwa mwanzo... Niliapa kimoyomoyo kwamba mjomba atakuja kuyatapika makofi yale moja moja.

Nafasi alinipa mwenyewe. Wakubwa wa Dar walikuwa wanakuja kuikagua programu, waone kama inafaa kupelekwa kwenye viwanda vyao vyote. Baadhi ya maneno yalikuwa yanakatika kwenye skrini na mjomba hakujua pa kuanzia. Akaniita, walinzi akawaambia mpwa wake ameleta chakula. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Akanikalisha kwenye kompyuta kubwa inayolisha nyingine zote, neno la siri limebandikwa kwa karatasi pembeni ya skrini, akaenda kwa fundi kuchukua suti ya ugeni.

Nilirekebisha yaliyokatika. Kisha nikaongeza ya kwangu.

Kesho yake nilitoroka shule nikajibanza nje ya dirisha la kantini. Skrini ilikuwa inamulikwa ukutani, kubwa kama shuka. Mjomba ndani ya suti akafungua programu. Ukuta ukaandika: Karibu. Mjomba Dionisi hajatafsiri hata neno moja la humu.

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa dereva wa winchi. Mwekezaji, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "jambo", akauliza imeandikwa nini. Mjomba akamjibu kwamba ni maneno ya kukaribisha wageni. Mama mmoja wa makamo kutoka makao makuu akavaa miwani. "Sivyo ilivyoandikwa," akasema, akamtafsiria yote.

Mjomba akabonyeza haraka ili aifunge. Ukuta ukajibu: Kosa. Mwite mpwa wake.

Akabonyeza tena. Imehifadhiwa. Mjomba hajui ilipohifadhiwa.

Wasomaji, sijawahi kuwa na raha kama ile. Watu walishika mbavu. Jasho lilikuwa linamtoka mjomba mpaka kola inabadilika rangi, nami nikawa namhesabia kila tone kwamba hili la jina langu, hili la jina la mama. Nilitaka lisiishe!

Mtu mmoja tu hakucheka. Mama alikuwa amegeukia dirishani, ananitazama.

Yule mama wa Dar alisubiri kicheko kiishe. Akauliza kwa upole nani aliyebadilisha maneno. Mjomba akasema ni mtoto wa shule, mpwa wake. "Basi kama mtoto wa shule anabadilisha maneno," yule mama akasema, "kesho nani atabadilisha hesabu za mizigo?" Elia angekuwepo angemjibu kwamba mlango haukuachwa wazi na programu, uliachwa na karatasi ya mjomba yenye neno la siri. Hakuwepo. Mimi nilikuwepo, na pamoja na mdomo wangu unaojulikana shule nzima, niliinama chini ya dirisha.

Programu huria ikaondolewa. Ikanunuliwa ya Kiingereza, jaribio likarudiwa. Mama na wenzake wanne wakashindwa, wakapewa barua za kuachishwa kazi. Mjomba alipewa onyo tu, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuielewa hiyo mpya. Bado yupo. Suti anayo.

Mama amepanda milimani Mgeta kwa bibi kulima njegere. Hajanipiga wala hajanitukana. Ningependa anitukane.

Je, nimemsamehe mjomba? Bado, na siku ya mahari yangu atakaa nyuma karibu na masufuria. Lakini nawaomba ninyi mnaosoma, hasa wenye midomo na hasira kama zangu... mkitaka kumpiga mtu, tazameni kwanza nani amesimama nyuma yake. Nyuma ya mjomba walikuwa wamesimama watu watano wa darasa la saba, na mmoja ndiye aliyenizaa.

Mama ameniachia lile daftari lake nimalizie kurasa tupu kwa hesabu. Juzi nimefungua ukurasa wa mwisho aliochora. Ni lile swali la kufuta mzigo, nililolitafsiri mwenyewe: Una uhakika? Ndiyo. Hapana. Chini yake mama ameandika kwa mwandiko wake wa leja: Hapa usibonyeze haraka. Fikiri kwanza.