Sekunde Thelathini

Siku treni ya Lubumbashi inapofika Kamina, nusu ya soko huhamia kituoni. Jumanne ile palijaa magunia ya mahindi, kuku waliofungwa miguu, na akina mama walioitana kwa Kiluba juu ya vichwa vya abiria. Katikati yao alisimama Talitha Kaumba, mwenye blauzi nyeupe na kitenge cha manjano chenye ndege wa buluu, akibishana na muuza dagaa wakavu.

"Mama, hii samaki iko na muchanga mingi. Minyi nitapika ao nitajenga nyumba?"

Muuzaji akacheka. Nyuma ya Talitha mtu mwingine akacheka pia, kisha akasema taratibu, "Jibu sahihi. Pointi moja kwa Talitha."

Aligeuka. Mwanamume mrefu alikuwa amesimama na begi begani, shati lake la mistari limepigwa pasi hadi kwenye mikono.

"Weye nani? Tunajuana?"

"Sura hapana. Sauti njo zinajuana. Minyi ile televizyo ya zamani."

Talitha aliweka mkono mdomoni. Kwa miezi mitano alikuwa akicheza na mtu huyo bila kumwona. Kila Jumamosi saa nane mchana, watu kumi na wawili walikutana katika kundi la WhatsApp: wa Kamina, wa Luena, wa Lubumbashi, na mmoja aliyehamia Ubelgiji. Amédée, aliyekuwa Lubumbashi, aliuliza maswali ya filamu za zamani, ya vipindi vya televisheni, ya historia. Kila mtu alijibu kwa sauti yake, ili asipate nafasi ya kunakili mtandaoni, na jibu lilipaswa kufika kabla ya sekunde thelathini kuisha; pointi ilikuwa ya aliyetangulia kujibu sahihi. Talitha alikuwa ameweka picha ya ua. Jessé Bolingo, fundi wa redio na televisheni kule Base, kambi ya jeshi nje ya mji, aliweka picha ya televisheni yenye antena mbili.

"Nilifikiri uko mzee," Talitha alisema.

"Na minyi nilifikiri uko mwalimu mukali."

"Hiyo ya kuwa mukali haukukosea."

Jessé alimsindikiza hadi njia panda, akimbebea mfuko wa samaki wenye mchanga. Tangu siku hiyo simu zikaanza. Jioni, Talitha alipotoka masomoni, Jessé alimpigia akiwa njiani.

"Allô, mupenzi. Leo umesoma nini?"

"Hesabu. Kichwa inaniuma."

"Kichwa ya kujua mama ya Kalala Ilunga, hesabu itaiweza?"

Hapo Talitha alicheka, kwa sababu swali hilo lilikuwa aibu ya Jessé. Baba yake, mwanajeshi, alitoka mkoa wa Équateur, naye Jessé alizaliwa Base bila bibi wa kumsimulia habari za Baluba. Amédée alipouliza jina la mama wa Kalala Ilunga, mfalme wa kale wa Baluba, Jessé alijibu haraka, kwa fahari kubwa, "Mbidi Kiluwe." Talitha akatuma sauti yake nyuma: "Jessé, huyo njo baba yake. Mama ni Bulanda. Weye umemuvalisha muzee kitenge." Kundi zima lilicheka wiki nzima.

Talitha alikuwa na miaka thelathini na sita. Baba yake, karani wa reli, alifariki Talitha akiwa darasa la tano la sekondari, na masomo yake yakafia hapo. Sasa alikuwa amerudi, akikaa kwenye dawati moja na vijana waliomwita Mama Talitha. Kila asubuhi alipiga magoti kabla ya kuwasha moto. Alimwambia Mungu kila kitu, hata jina la Jessé, kwa sauti ya chini kidogo.

Jioni moja alimsimulia Jessé kuhusu televisheni ya baba yake, ile ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliyowashwa kwa betri ya gari. Jumamosi barabara nzima ilijaa sebuleni, wengine wakichungulia dirishani. Usiku mmoja wakaonyesha teatri, mchezo wa kuigiza wa Kinshasa: mke amerudi ghafla kutoka safarini, na mume, aliyekuwa akicheza dansi peke yake kwa viatu vya mkewe, akakimbia kujificha ndani ya pipa la maji.

"Baba alicheka mupaka machozi ikatoka," Talitha alisema. "Sikumuonaka tena akicheka vile. Mwaka iliyofuata akaenda."

"Asante kunipatia ile," Jessé alisema.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka ulikuwa mchezo wa mwisho, na waliobaki walikuwa wao wawili. Talitha alisimama karibu na ukuta wa kanisa, mahali ambapo mtandao ulikuwa mzuri. Asubuhi hiyo alikuwa ameomba hivi: Bwana, nikishinda leo, nitajua akili yangu haijafa, nami nitaandikisha jina langu kwa Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Hakumwambia mtu mwingine.

Walifika ishirini na tisa kwa ishirini na tisa. Amédée akauliza swali la mwisho: katika teatri ile ya Kinshasa, mume wa viatu vya mkewe alijificha ndani ya nini?

Talitha aliona sebule yao. Aliona mabega ya baba yake yakitikisika. "Pipa la maji," alisema kwenye simu.

"Sekunde tisa," Amédée akatangaza. "Talitha ameshinda."

Alilia pale pale ukutani. Sikukuu ilipokwisha akaandikisha jina lake.

Wiki tatu zilipita. Jumamosi moja, maswali yalipokwisha, watu wakabaki wakitaniana, na Amédée akatuma sauti iliyojaa kicheko: "Musimuone Jessé hivi. Ile teatri ya pipa alikuwa anaiiga tangu tuko batoto kule Base, na viatu vya mama yake kabisa. Siku ya finale akawa bubu. Ah, mapendo."

Talitha alisikiliza mara mbili. Kisha akapiga simu.

"Jessé, ni kweli ulijua jibu?"

"Talitha, ngoja nikueleze."

"Ulijua ao hukujua?"

"Nilijua."

"Basi ulinipatia kama muntu anapatia mutoto bonbon. Minyi nilimwomba Mungu ishara kwa ule muchezo. Nimejiandikisha egzame juu yake. Kumbe ishara ilikuwa huruma yako."

Akakata. Alitoka kwenye kundi. Jessé alipiga mara sita, na mara sita simu ililia juu ya meza kati ya madaftari. Ijumaa Talitha alikwenda shuleni kuondoa jina lake, lakini mkuu wa shule alikuwa safarini Kabongo; aliambiwa arudi Jumatatu.

Lise, binamu yake aliyekaa naye, alimkuta amefunga vitabu kwa kamba.

"Unavipeleka wapi?"

"Kwa mwenye akili."

Lise aliketi. "Finale ilikuwa pointi ngapi?"

"Thelathini."

"Unalia juu ya moja. Zile zingine ulizisikiliza?"

Sauti zote bado zilikuwemo kwenye simu. Jumamosi mchana, saa ile ya mchezo, Talitha aliketi kwenye ngazi ya kanisa akazisikiliza moja baada ya nyingine. Alimsikia Jessé akijibu vibaya, Jessé akichelewa, Jessé akihema kama aliyekimbia kutafuta mtandao, Jessé akisema "Aaa, Mungu wangu" aliposhindwa. Mtu anayempa mwenzake ushindi hahemi namna ile. Alijisikia mwenyewe pia: mwezi wa kwanza wa mchezo sauti ilitetemeka, kufikia Pasaka ilikuwa sauti ya mtu anayejua. Mwishoni Amédée akasema, "Sekunde tisa." Tisa tu. Hata kama Jessé angefungua kinywa, nani angejua angemtangulia?

Aliinamisha kichwa pale pale. "Bwana, unisamehe. Nilikuwekea masharti, na jibu ulikuwa umelitoa siku nyingi." Kisha akapiga simu.

"Allô?" Jessé alijibu kabla haijalia mara ya pili.

"Juu ya nini ulinyamaza?"

"Kwa sababu ile swali haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba yako. Ulinipatia ile siku, minyi nitakunyanganya namna gani?"

"Haukunihurumia?"

"Nikuhurumie juu ya nini? Umenipiga mara ishirini na tisa mbele ya bantu. Minyi njo wa kuhurumiwa."

Talitha alicheka huku akifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Siku ingine, kama unajua, sema. Hata kama ni ya baba yangu. Nataka nikushinde ukiwa unapigana."

"Nimesikia, mwalimu mukali."

Siku ya mwisho ya mtihani alitoka langoni saa saba, akiwa na blauzi nyeupe na sketi ya buluu kama wasichana wote wa shule, mama mzima kati ya vijana, vidole vimetapakaa wino. Jessé alikuwa ng'ambo ya barabara na mikate ya mafuta iliyofungwa kwenye karatasi. Shati lake lilikuwa lile la mistari.

"Imekuwa namna gani?"

"Nimejibu yote. Kama nimefaulu, Mungu anajua."

"Njo maana nimekuja leo," Jessé alisema. "Nisingoje matokeo. Usikuje kusema nilikuwa nahesabu kwanza." "Talitha, nataka kutuma bazee kwenu. Utakubali kuwa bibi yangu?"

Wanafunzi walipita wakipiga kelele, wakirushiana unga mweupe vichwani. Talitha alimtazama, hakusema neno. Moja, mbili, tatu. Jessé alihamisha mikate mkono wa kushoto. Kumi na tano. Akairudisha wa kulia. Ishirini na mbili. Jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Talitha, umenyamaza."

Ishirini na tisa.

"Nakubali," alisema. "Nilijua jibu tangu mwanzo."

"Sasa ulinyamaza juu ya nini?"

Talitha alichukua mkate mmoja, akaumega, akampa nusu.

"Nilitaka kujua vile ulisikia siku ile ya pipa," alisema. "Iko nzito."