Diski Iliyosema Haina Kitu

Fundi cherehani alifungua duka asubuhi, akawasha kompyuta iliyo kando ya cherehani. Siku hizi hata mishono huchaguliwa kwenye kioo. Binti yake wa mwisho alikuwa akipiga pasi. Wateja walimwita Kitinda.

Kitinda alikuwa na hamu moja. Mama yake alifariki kabla yeye hajaanza kutembea. Sura yake aliijua, kwani picha zilikuwa ukutani. Sauti yake hakuijua kabisa. Ilikuwa katika video moja tu, ndani ya diski ya baba. Miaka yote baba alisema hana moyo wa kuitazama. Sasa Kitinda alikuwa mkubwa, akaomba tena, na baba akakubali.

"Jumapili tutaitazama pamoja, mwanangu."

Jumamosi hiyo baba aliona mishono mipya haina nafasi kwenye diski ile ile. Akaamua kuigawa diski upya. Programu ikiwa katikati ya kazi, umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta iliandika: Diski hii haina kitu. Ifomatiwe sasa?

"Labda inataka ruhusa tu," baba alisema. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Baba, usibonyeze." Kitinda alimshika mkono. "Mama yumo humo."

Baba aliondoa mkono. Wakachomoa diski, wakaenda nyumba ya pili kwa fundi wa kompyuta. Mtaa mzima ulimwita Mama Nyaya. Alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu, kwa hiyo fundi cherehani alikuwa shemeji yake.

Mama Nyaya aliwasikiliza hadi mwisho.

"Shemeji," alisema, "kabla hujakata kitambaa, si unachora kwa chaki? Hapa mbele, hapa mgongo, hapa mikono?"

"Ndiyo kazi yangu hiyo."

"Basi diski nayo imechorwa, mwanzoni kabisa. Mchoro huo unaitwa jedwali la sehemu. Unaiambia kompyuta kila sehemu inaanzia wapi na inaishia wapi. Umeme ulipokatika, chaki ilifutika. Kitambaa bado kipo."

"Na hiyo fomati?"

"Ni kuchora nguo nyingine juu yake. Ukianza kuishona, ile ya zamani ndiyo basi tena."

Kitinda alishusha pumzi. "Irekebishe sasa hivi, mama mdogo."

"Hapana, mwanangu. Programu za kurekebisha zipo nyingi, lakini nyingine zinaharibu zaidi. Nitazijaribu kwanza. Njooni kesho."

Baba aliguna. Yeye ndiye huwaambia wateja njoo kesho, mwaka mzima. Mwosha huoshwa.

Jumapili waliikuta diski kuukuu mezani. Mama Nyaya alikuwa ameigawa sehemu mbili, akaweka picha zisizo na kazi, kisha akaliharibu jedwali lake.

"Umeiharibu makusudi?" baba aliuliza.

"Ndiyo. Hii naijua ilivyokuwa, kwa hiyo programu haiwezi kunidanganya. Wewe sindano mpya huijaribu kwenye gauni la bibi harusi?"

"Naijaribu kwenye kiraka."

"Basi hiki ndicho kiraka changu."

Programu ya kwanza iliandika kwamba imemaliza kurekebisha. Lakini sehemu ya pili haikuonekana.

"Hii ina maneno mengi kuliko kazi," Mama Nyaya alisema.

Akaiharibu tena diski ile, akajaribu programu ya pili. Hii ilitafuta tu, bila kuandika chochote. Ikaonyesha sehemu zote mbili, ikasubiri ruhusa. Alipoiruhusu, picha zote zilifunguka.

Hata hapo hakuigusa diski ya baba. Aliinakili nzima kwenye diski nyingine, ili akikosea akosee kwenye nakala. Kitinda alikaa akiukodolea macho mstari mdogo uliokuwa ukisogea kwenye kioo. Alitamani kuusukuma kwa mkono. Hatimaye programu ilitafuta, jedwali likaandikwa upya, na video ikaonekana.

"Ifungue," Kitinda alinong'ona.

"Nakala kwanza. Moja ya nyumbani, moja ya kwa shangazi yako. Nyumba moja ikipatwa na jambo, nyingine ipo. Na wewe shemeji, usigawe tena diski kabla ya kunakili vilivyomo."

"Nimekoma," baba alisema.

Nakala zilipokamilika, Mama Nyaya aliifungua video. Duka lilionekana, na mtoto akitambaa kati ya vipande vya vitambaa. Kisha sauti ya mwanamke ikasikika, nzito kidogo, yenye kicheko.

"Kifungo! Kifungo wangu! Acha uzi wa baba, njoo kwa mama."

Kitinda alimgeukia baba. "Aliniita Kifungo?"

Baba alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Tangu alipoondoka nilishindwa kulitamka jina hilo."

Kwenye kioo, mama aliita mara ya pili. Mtoto bado hakujua kusema. Kitinda alisogeza kiti karibu.

"Abee, mama," akaitika.