Barakoa za Kitenge

Saa kumi na mbili na robo jioni, Jumamosi. Uwimana alikung'uta suruali ya mumewe kibarazani mara tatu. Vumbi la kijivu likatua juu ya ndoo ya maji na juu ya nywele za binti yao Trinah, mwenye umri wa miaka mitatu.

Mumewe, Shafiq, alikuwa ndani anaoga. Kazi yake ilikuwa kutoboa miamba kwa mashine katika mgodi wa madini ya bati, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Kigali. Uwimana alikuwa fundi cherehani hapo mtaani kwao, Nyamirambo. Tangu mumewe aanze kukohoa, kila wiki alimshonea barakoa sita za kitenge, moja kwa kila siku ya kazi. Kila moja ilikuwa na tabaka tatu na mishono ya karibu karibu.

"Mgodini wananiita bwana harusi," Shafiq alisema alipotoka, taulo begani. "Wanasema mke wangu ananivalisha maua puani."

"Waache, Baba Trinah. Wao iko na wake wasiojua kushona."

Shafiq alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi. Akashika mlango mpaka kikaisha.

Jirani yao Jovina alikisikia. Jovina ni muuguzi kutoka Tanzania. Kabla ya kuhamia Kigali, alihudumu miaka tisa katika zahanati ya mgodi wa makaa ya mawe kwao. Akavuka ua.

"Shemeji, kikohozi hicho kina muda gani?"

"Ni vumbi tu, dada. Nikinywa maziwa linateremka."

"Maziwa yanaenda tumboni. Vumbi linaenda mapafuni. Hizo ni njia mbili." Akamgeukia Uwimana. "Lete barakoa aliyovaa leo. Igeuze, nione upande wa ndani."

Uwimana akaigeuza. Mahali pa pua palikuwa na doa la kijivu, upande ule ule unaogusa ngozi. Akalipapasa. Kidole kikawa kijivu.

"Lakini niliweka tabaka tatu," alisema polepole.

"Ungeweka tano, bado lingepita. Mshono wako hauna kosa, mdogo wangu. Vumbi la mwamba linaloumiza ni dogo mno, hata macho hayalioni. Kitambaa hakiwezi kulizuia. Linakaa mapafuni, linaacha makovu, na makovu hayo hayana dawa. Tena usikung'ute nguo hizi hapa. Mtoto anavuta vumbi lile lile."

Uwimana alimvuta Trinah kifuani, akampangusa nywele kwa kitambaa kibichi.

"Sasa tufanye nini?"

"Vumbi lizuiwe pale linapozaliwa. Sisi kwenye makaa tulilowesha ukuta kabla ya kukata, na maji yalitiririka kwenye ncha ya mashine muda wote. Vumbi likawa tope. Kisha mtu anavaa barakoa ya kuchuja, inayobana uso. Nguo za kazi zinabaki mgodini, zinafuliwa huko. Na wewe, shemeji, nenda ukapigwe picha ya kifua."

"Ikionyesha makovu?"

Jovina hakumpa neno la kumliwaza. "Basi yatakuwepo. Ila ukiendelea kutoboa pakavu, yataongezeka."

Jumatatu Shafiq alimwendea msimamizi wao, Kamanzi.

"Maji?" Kamanzi alishangaa. "Nani atayapandisha mlimani? Wewe, bwana harusi?"

"Yako huku huku. Kila asubuhi pampu inayatoa shimoni, tunayamwaga bondeni. Tuyajaze kwenye tangi, tuvute mpira wa maji hadi kwenye mashine."

"Itachelewesha kazi."

"Itachelewesha kidogo. Lakini, bosi, sisi watoboaji wanne wote tunakohoa. Pakavu hatutoboi tena."

Wenzake waliokuwa wakimcheka walisimama nyuma yake. Kamanzi aliwatazama mmoja mmoja. Akafungua kinywa kujibu, akashikwa na kikohozi yeye mwenyewe.

Alhamisi, kwa idhini ya Kamanzi, tangi likawekwa na mpira ukaunganishwa. Mashine ilinguruma, na badala ya wingu, tope zito likateremka ukutani. Kwa mara ya kwanza Shafiq aliuona uso wa mwenzake kazini.

Wiki iliyofuata barakoa za kuchuja zililetwa. Ya Shafiq haikubana juu ya ndevu. Jumapili Uwimana alimkalisha kwenye kiti cha cherehani, akamnyoa mwenyewe, taratibu, akimshika kidevu.

"Wee! Kumbe nimeolewa na kijana," alisema.

"Usinikate, mama. Kijana huyu ni wako."

Wote wawili walicheka. Picha ya kifua ilikuwa kesho yake.

Jumatatu, saa nne asubuhi, daktari aliiangalia picha kwa muda mrefu. Uwimana aliushika mkono wa mumewe kwa mikono yake miwili.

"Sioni kovu," daktari alisema. "Vumbi limewasha njia ya hewa tu. Endeleeni kutumia maji na barakoa ya kuchuja. Arudi kupimwa baada ya mwaka mmoja."

Uwimana alimwomba arudie.

Daktari akarudia.