Nani Aliita Programu Yangu?

"Mwololo, toka kwa hiyo kompyuta! Sasa hivi!"

Nikageuka. Bosi wetu, Gakuru, alikuwa mlangoni na askari wa geti. Askari, jamani!

Ilikuwa Februari 2001, kwenye shamba la maua huko Isinya. Waridi za Valentine zimejaa kwenye chumba cha baridi, lori linanguruma nje, na karatasi za kusafirishia hazitoki. Kompyuta inaanza, inakwama. Inaanza, inakwama!

"Bosi, nipe saa moja tu."

"Haya. Maua yakilala hapa leo, wewe huna kazi."

Mimi ndiye niliyeandika programu ya oda, kwa COBOL, lugha ya zamani ya kompyuta. Ya stoo iliandikwa na Dolphine, tuliyekaa naye ofisi moja. Na nilijua ni yeye aliyeniharibia! Wiki nzima alikuwa anaitwa kwa bosi, akirudi anafunika skrini. Wewe ungekosa kushuku?

Ujumbe kwenye skrini ulisema programu yangu imeitwa tena kabla haijamaliza. COBOL yetu ya wakati huo haikutaka mchezo huo. Programu ikianza, imalize kwanza. Ikiitwa tena katikati, kila kitu kinasimama.

Sasa nani aliiita?

Nikafungua programu ya Dolphine bila kumuuliza. Nikashuka mstari kwa mstari...

CALL "ODA".

Yaani "ita ODA", programu yangu! Hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Dolphine, umeniuza?"

"Mimi?" Akaruka kwa kiti. "Fungua yako kwanza! Si huko unaita STOO? Uliniambia?"

Nikafungua yangu. Kweli mstari huo niliuweka mimi, Jumatatu ya wiki hiyo.

"Ni Gakuru," nikasema. "Aliniambia stoo yako haiaminiki, niikague kabla ya kuprint. Na nisikuambie."

Dolphine akakaa polepole.

"Hata mimi aliniambia hivyo hivyo... juu yako."

Mnaona? Yangu inaita yake, yake inaita yangu, hakuna inayomaliza!

Tukafuta kila mtu mstari wake. Printa ikaanza kulia. Dolphine naye akalia kidogo, kisha akacheka.

Gakuru akaja anatabasamu, akanivuta kando.

"Kazi safi. Ni Dolphine aliharibu, eh? Usimwambie nimeuliza."

Nikamwangalia. Halafu nikapaza sauti ofisi nzima isikie:

"Dolphine! Kuja usikie bosi anauliza nini!"

Lile tabasamu liliishia hapo.

Ndugu zangu, mtu akikunong'onezea mabaya ya mwenzako na kukuambia usimwambie... mwambie siku hiyo hiyo.